Zamu ya Jumamosi: Mwongozo Kamili wa Kujitolea kwa Askari Mstaafu Anayeuguza Majeraha ya Akili

Sajini mmoja wa stoo, miaka 19 jeshini, alirudi uraiani akawa mtu wa kulala mchana na kukesha usiku. Mkewe ndiye aliyemleta kwenye kikundi chetu cha kugawa misaada. Siku ya kwanza alikaa karibu na mlango dakika 40, kisha akaondoka bila kuaga. Aliporudi wiki iliyofuata hatukumpa hotuba, tulimkabidhi ufunguo wa ghala. Kila Jumamosi saa mbili asubuhi ghala lifunguliwe, mablanketi na ndoo vihesabiwe, gari lipakiwe. Akawa anafika saa moja na nusu. Wiki ya tatu aliamka na mafua, mkewe akamsihi alale. Alivaa viatu huku akimjibu, "Nisipokwenda, wale watafungua na nini?"

Tangu siku ile nimeacha kuwaambia wastaafu wajitolee "ili wasikae bure". Shughuli za kupotezea muda hata televisheni inazo. Kinachomwinua mtu aliyeumizwa na vita ni kutegemewa tena, kwa kiasi anachokimudu, na watu anaowajua kwa sura. Hatua zote zilizo hapa chini zimepangwa kulinda mambo hayo mawili: kwamba unategemewa kweli, na kwamba mzigo hauzidi mabega yako. Nakuandikia wewe uliyevua kombati. Mratibu wa kikundi na watu wa nyumbani wana sehemu zao kuelekea mwisho.

## Kwa nini zamu ya muda wa saa mbili tu inaweza kugusa ugonjwa

Majeraha haya si mapya. Mwaka 1915 Charles Myers, daktari Mwingereza, aliandika katika jarida la The Lancet kuhusu wanajeshi waliopoteza kumbukumbu na hata uwezo wa kuona baada ya makombora kulipuka karibu nao. Ilichukua hadi 1980 kwa chama cha madaktari wa akili wa Marekani kuuingiza rasmi ugonjwa tunaouita PTSD, yaani msongo wa baada ya kiwewe, katika kitabu chao cha magonjwa ya akili. Katikati ya miaka hiyo askari wengi waliitwa waoga.

Madaktari wanazigawa dalili zake katika mafungu manne. Kuna kumbukumbu zinazovamia bila kuitwa, pamoja na jinamizi. Kuna kukwepa chochote kinachokumbusha. Kuna fikra na hisia zilizogeuka nyeusi: hatia, kutomwamini mtu, kutofurahia kitu. Na kuna mwili uliokataa kushuka kwenye tahadhari, unaoshtuka mlango ukibamizwa. Dalili zikidumu zaidi ya mwezi na kuvuruga maisha, ndipo daktari hulitaja jina la ugonjwa.

Katika hayo manne, lile linalouwekea ugonjwa kuni ni kukwepa. Unaanza kwa kukwepa mkusanyiko wenye kelele, na kweli unapata nafuu jioni ile. Akili inajifunza kwamba nafuu imetokana na kukwepa. Mwezi unaofuata unakwepa basi, kisha kanisa au msikiti, kisha simu za rafiki, mwisho dunia yako yote ni chumba kimoja chenye pazia lililofungwa. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, nayo hupita njia hiyohiyo: huna hamu kwa hiyo hutoki, hutoki kwa hiyo hamu inazidi kupotea. Kuna tiba ya sonona iliyojengwa juu ya kuugeuza mzunguko huo. Mgonjwa hasubiri hamu; anapanga tendo dogo lenye siku na saa, analitenda hata moyo ukiwa mzito, na hamu huja nyuma ya tendo. Zamu ya kujitolea ni tendo la aina hiyo, ila ina faida moja ya ziada: kuna mtu upande wa pili anayekungoja.

Halafu kuna jeraha ambalo si woga kabisa. Jonathan Shay, daktari wa akili aliyewatibu wastaafu wa vita vya Vietnam, ni mmoja wa waliolipa jina katika miaka ya 1990: jeraha la dhamiri. Ni maumivu ya mtu aliyetenda, aliyeshuhudia au aliyeamriwa jambo linalopingana na kile anachoamini ni haki. Mtu huyo hahitaji kuambiwa "upo salama sasa". Tatizo lake si usalama. Anahitaji mahali pa kuiona mikono yake ikifanya jambo jema, mara moja, mara mia, bila kudai kwamba jema hilo limefuta lile lililopita.

Jambo la mwisho ni rahisi kulisahau. Siku unayorudisha vifaa stoo unapoteza kwa mkupuo cheo, ratiba, lugha, na watu ambao wangekufa kwa ajili yako. Hakuna ajira ya uraiani inayorudisha hayo yote kwa wakati mmoja. Kikundi cha kujitolea hurudisha vipande: saa ya kufika, kazi ya pamoja, mtu wa kukutania.

Wapo waliokwishajenga juu ya wazo hili. Huko Marekani shirika la The Mission Continues, lililoanzishwa mwaka 2007, liliwapa wastaafu nafasi za kutumikia jamii saa 20 kwa wiki kwa miezi sita. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwapima washiriki kabla na baada, ukakuta dalili za PTSD na sonona zimepungua. Kupima watu walewale kabla na baada hakuthibitishi kwamba nafuu yote ilitokana na kazi hiyo. Wengine wangepata nafuu hata hivyo. Lakini matokeo yanaelekea kule ambako sisi tulio kwenye maghala na mashamba ya miche tunakuona kila wiki.

## Hatua ya 1: Hakikisha si wakati wa hospitali kwanza

Kujitolea kunakwenda bega kwa bega na matibabu. Hakushiki nafasi yake. Usianze zamu, nenda kwa daktari kwanza, kama:

- unafikiria kujiua, au umeanza kugawa vitu vyako na kuaga watu;
- huwezi kulala bila pombe au bila kuongeza vidonge kuliko ulivyoandikiwa;
- unasikia au unaona vitu ambavyo wenzako hawavioni;
- umempiga au umekaribia kumpiga mtu wa nyumbani.

Kama lililokugusa ni lile la kwanza, litaje kwa jina lake kwa mtu mmoja leo hii, na silaha yoyote iliyopo nyumbani ihamishiwe mikono mingine kabla jua halijazama. Hatari ya kujiua mara nyingi huja kama wimbi: hupanda, hukaa, hushuka. Kilichopo karibu na mkono wakati wimbi liko juu ndicho kinachoamua. Piga namba ya dharura ya nchi uliko au nenda hospitali iliyo karibu. Aliyeko Marekani apige 988, kisha abonyeze 1, atapata watu waliofunzwa kuzungumza na wanajeshi na wastaafu.

Kwa wengine, matibabu yenye ushahidi yapo na hayachukui milele. Tiba ya kuchambua fikra zilizozaliwa na kiwewe kwa kawaida huwa na vikao 12. Tiba ya kukabili kile unachokikwepa, kidogo kidogo, huenda vikao 8 hadi 15. Ipo pia EMDR, inayotumia mwendo wa macho. Ukiwa kwenye tiba ya kukabili, mwambie mtaalamu wako kwamba unataka kujitolea, kwa sababu yeye atakupa mazoezi ya kurudi kwenye sehemu unazozikwepa, na zamu inaweza kuwa zoezi hilohilo. Mstaafu anayekwepa umati anaweza kuanza kwa kupanga vifaa asubuhi kabla watu hawajafika, wiki mbili baadaye akabaki nusu saa foleni ikianza, baadaye akasimama kwenye meza ya kugawa. Mtaalamu atakuambia upande ngazi lini.

Na tafadhali, usiache dawa kwa sababu umeanza kujisikia vizuri kazini. Hilo nimeliona, na mwisho wake haukuwa mzuri.

## Hatua ya 2: Jipeleleze

Chukua daftari. Kwa wiki moja andika vitu vitatu tu: kilichokushtua, kilichokutuliza, na saa ulizojisikia mzima. Askari hujua kupeleleza eneo kabla ya kuingia. Safari hii eneo ni wewe mwenyewe.

Andika kwa undani. "Kelele" haitoshi. Ni kelele ya chuma kikianguka, au ya watoto, au ya helikopta? Harufu ya dizeli? Nyama inayoungua? Mtu kusimama nyuma yako? Mmoja wetu aligundua kwamba tatizo lake si kelele kabisa, ni ukimya wa ghafla mahali palipokuwa na kelele. Asingeandika, angeendelea kuchagua kazi za kimya na kuteseka humo.

Saa nazo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kama jinamizi hukuamsha saa tisa usiku na usingizi kurudi alfajiri, zamu ya saa moja asubuhi ni kujitafutia kushindwa.

## Hatua ya 3: Chagua kazi, na ujue ya kukataa

Kazi nzuri ya kuanzia ina mwisho unaoonekana. Miche 60 imepandwa, madawati manane yamekazwa misumari, rafu imepangwa. Ubongo wa mtu mwenye sonona una kipaji cha kukanusha kila sifa, lakini dawati lililosimama imara halibishiki. Iwe pia kazi ya watu wawili watatu bega kwa bega. Watu wanaotazama kazi moja huzungumza kwa urahisi kuliko watu wanaotazamana, na ukimya baina yao hauudhi. Na iwe mahali penye njia ya kutokea unayoiona.

Bustani, uoteshaji wa miche, ufundi wa kurekebisha samani, stoo, kuendesha gari la misaada, kuwatunza wanyama: hizi huanza vizuri. Kufundisha vijana ufundi au michezo ni nzuri sana, ila baadaye kidogo, kwani vijana wana maswali.

Sasa zile mbili za kukataa mwanzoni.

Ya kwanza ni getini. Kila kikundi kikipata mstaafu wa jeshi, mtu atasema, "Huyu atatufaa ulinzi." Wanasema kwa nia njema. Lakini mwili wako tayari unalinda saa 24. Unakagua mikono ya watu, paa za nyumba, gari lililoegeshwa vibaya. Ukipewa kazi ya kukagua, ugonjwa wako umepewa sare na filimbi. Sema hapana, na usione haya.

Ya pili ni uokoaji. Team Rubicon, shirika lililoanzishwa na wanajeshi wawili wa zamani wa Marekani baada ya tetemeko la Haiti la Januari 2010, limeonyesha jinsi wastaafu wanavyofaa kwenye majanga: wamezoea vurugu, uchovu na maamuzi ya haraka. Ni kweli, na huenda siku moja utakwenda. Kwa sasa jiulize unavutwa na nini. Kama ni ule msisimko wa mwili, kwamba kwenye hatari ndiko pekee unakojisikia hai, basi subiri. Maiti na vilio vya eneo la maafa havichagui nani amepona na nani bado. Miezi sita ya kazi za kawaida, pamoja na neno la mtaalamu wako, ndicho kipimo changu.

## Hatua ya 4: Zungumza na mratibu kabla ya siku ya kwanza

Huna deni la kumweleza mtu ugonjwa wako wala ulichokiona vitani. Una haja ya kumweleza unachohitaji ili ufanye kazi. Tofauti ni kubwa. Maneno kama haya yanatosha:

"Nilikuwa jeshini. Sauti za ghafla hunisumbua, na siku nyingine hulala vibaya. Nikihisi nimezidiwa nitatoka nje dakika kumi. Msinifuate, nitarudi mwenyewe. Naomba nianze na saa mbili kwa wiki, siku ileile, na niwe na mtu mmoja wa kuripoti kwake."

Hiyo ya mtu mmoja isisitize. Kikundi ambacho kila mtu anatoa maagizo kitakuchosha haraka, na kitakukasirisha. Mwombe pia mpatane wiki nne za majaribio, zenye tarehe ya mwisho. Kuanza na tarehe ya mwisho kunaondoa hofu ya kunaswa, na ikifika unaweza kuongeza bila mtu kulazimishwa.

Omba jukumu ambalo likikosekana litaonekana. Mratibu mwema anaweza kujaribu kukuonea huruma akakupa kazi ambayo ingefanyika hata bila wewe. Ikatae kwa upole. Omba ufunguo, daftari la mahudhurio, pampu ya maji, chochote chenye jina lako.

## Hatua ya 5: Wiki nne za mwanzo

Siku mbili kabla ya zamu ya kwanza, nenda mahali pale pakiwa patupu. Tembea, jua choo kiko wapi, milango ni mingapi, utasimama wapi mgongo wako uwe ukutani. Ukifanya hivyo mapema, siku yenyewe macho yako yatakuwa na muda wa kuona watu.

Wiki ya kwanza lengo ni moja: fika, kaa saa mbili, ondoka. Usihukumu kama umefurahia. Kabla ya kuingia andika kwenye daftari namba kati ya 0 na 10 ya jinsi kifua kilivyobana, na ukitoka andika nyingine. Kwa wengi namba huwa juu dakika 20 za mwanzo kisha hujishukia yenyewe. Ukiiona ikishuka kwa macho yako mara nne, mwili unaanza kuamini kitu ambacho maneno ya mshauri peke yake hayakuweza kuuaminisha.

Ondoka ukiwa bado una nguvu. Hili wastaafu wanalikataa kuliko yote. Jeshini ulifundishwa kumaliza hata ukiwa umeishiwa, na ukibaki saa tano badala ya mbili watu watakupongeza. Kesho yake utalala siku nzima, na wiki inayofuata hutakuja.

Kuanzia wiki ya pili utagundua kwamba raia wanachelewa. Wanasema saa mbili na kufika saa mbili na dakika 25, mmoja anapiga simu badala ya kubeba, na hakuna anayeadhibiwa. Hasira utakayoisikia itakuwa kubwa kuliko kosa. Ina sababu: ulikotoka, mtu kuchelewa kuliweza kumwua mwenzake, na mwili haujapewa taarifa kwamba mablanketi yakichelewa nusu saa hakuna anayekufa. Toka nje, vuta pumzi, iache pumzi itoke polepole kuliko ilivyoingia, rudi. Lile neno lililokuwa mdomoni mpelekee mratibu baadaye, mkiwa wawili. Ukishalitamka mbele ya wote kwa sauti ya gwaride, watakuogopa, na kuogopwa kutakurudisha kwenye upweke uliokuwa unaukimbia.

Wiki ya nne kaeni na mratibu dakika 15. Endelea vilevile, au ongeza saa moja, au badilisha kazi. Usiongeze saa na kubadilisha kazi kwa wakati mmoja. Mambo yakiharibika hutajua kipi kimeharibu.

## Hatua ya 6: Siku mambo yatakapoharibika

Yataharibika. Nieleze moja nililoliona kwa karibu. Tulikuwa tunapakia, fungu la mabati likateleza kutoka kwenye gari na kugonga sakafu ya saruji. Kabla mlio haujaisha, mstaafu mmoja alikuwa chini nyuma ya magodoro, mikono kichwani, anapumua kama aliyekimbia kilima. Kijana mmoja akataka kumkimbilia kumshika bega. Yule sajini wa stoo alimzuia kwa mkono, akapiga magoti umbali wa hatua tatu, mbele, mahali anapoonekana, akasema taratibu, "Ni mabati. Yameanguka garini. Upo ghalani, leo Jumamosi, mimi niko hapa." Akarudia mara tatu hivi. Kisha akanyamaza, akawa anapanga mablanketi palepale alipo. Dakika saba baadaye mwenzake aliinuka, akaenda bombani, akanawa uso.

Kila kitu cha kufanya kimo humo: usimshike mtu kutoka nyuma, usimzingire, taja sauti ilikuwa nini, taja mahali na siku, kaa karibu bila kumkodolea macho. Wewe mwenyewe ukiwa ndiye uliye chini, sukuma nyayo sakafuni mpaka uzisikie, taja kimoyomoyo vitu vitano unavyoviona, gusa kitu cha baridi. Vinakurudisha kwenye chumba ulichomo.

Kazi ngumu inakuja baada ya siku hiyo, kwa sababu aibu itakuambia usirudi. Ukiitii, kukwepa kumeshinda, na mahali pale panaingia kwenye orodha ya sehemu zako za hatari. Rudi ndani ya wiki hiyohiyo, hata kwa dakika 20, hata kama ni kurudisha daftari tu. Yule wa mabati alirudi Jumanne. Alikuja kuuliza kama mabati yamepinda.

## Hatua ya 7: Jihadhari na kujificha ndani ya kazi

Kuna mstaafu anayekwepa kwa kukaa ndani, na kuna anayekwepa kwa kukimbia huku na huku. Huyu wa pili hupewa vyeti. Yuko kwenye vikundi vitatu, hajakosa siku, simu haizimwi, lakini ameahirisha miadi ya kliniki mara mbili na hajakaa mezani na watoto wake mwezi mzima. Akisimama, zile picha zinamjia. Kwa hiyo hasimami.

Weka ukomo mapema: si zaidi ya siku mbili kwa wiki katika miezi mitatu ya kwanza, na miadi ya matibabu haisogezwi kwa ajili ya zamu yoyote. Kama unajikuta unahesabu magunia kama malipo ya watu waliokufa, peleka hesabu hiyo kwa mtaalamu, au kwa kiongozi wa dini unayemwamini. Ghala halina mizani ya kuipimia.

## Kwa mratibu

Usimwulize kama aliwahi kuua. Usimsimamishe mbele ya wageni umwite shujaa. Mwenye jeraha la dhamiri husikia neno hilo kama tusi. Mshukuru kwa kitu maalumu: "Hesabu zako zimetuokoa wiki hii, hakuna ndoo iliyopotea." Picha yake isiende mtandaoni bila ruhusa yake.

Asipotokea, mpigie siku hiyohiyo, saa hiyohiyo ikiwezekana, na usimpigie ili kumlaumu. Sema, "Ufunguo tumeupata kwa jirani, lakini tumekukosa." Ukingoja wiki mbili, tayari ameshajijibu kwamba hakuna aliyegundua. Na uwe na namba ya mtu wake wa karibu, pamoja na namba ya dharura, zimebandikwa mahali ambapo wengine pia wanaziona.

## Kwa watu wa nyumbani

Nyinyi ndio mnaobeba usiku. Zamu ikimpa nafuu nje ya nyumba na bado amenuna ndani, msione wivu. Nyumbani ndiko anakovua silaha, na uchovu wote huonekana hapo. Msimwulize "Umepona?" Mwulize "Leo mmepakia nini?" Swali la pili lina jibu.

## Miezi mitatu baadaye, na kuendelea

Fungua daftari ulinganishe. Angalia usingizi, mara ngapi umetoka nyumbani bila sababu ya lazima, ni watu wangapi wapya wana namba yako, namba za kabla na baada ya zamu zimeendaje. Nafuu mara nyingi huanzia pembeni: jinamizi bado lipo, lakini umecheka siku ya Alhamisi. Kama hakuna kilichosogea, au kimerudi nyuma, punguza saa, jaribu kazi ya aina nyingine, na mwonyeshe daftari mtaalamu wako.

Baadhi yenu mtataka kuwashika mkono wastaafu wenzenu. Nguvu ya hilo inajulikana: vituo vya ushauri vya wastaafu vilivyoanzishwa Marekani mwaka 1979 vilijengwa juu ya wazo kwamba askari humfungukia askari. Lakini pata mafunzo kwanza, ujue mipaka yako, na uwe na mtu wako wa kumwambia uliyoyasikia. Kisa cha mwenzako kinaweza kuamsha chako.

Na siku ya kuondoka ikifika, kwa sababu ya ajira au kuhama au kwa sababu imetosha, ondoka kwa utaratibu. Wengi waliacha jeshi kwa karatasi moja na lifti ya gari, bila kuagana na mtu. Toa taarifa wiki tatu kabla. Mfundishe atakayeshika nafasi yako, mfanye zamu mbili pamoja. Yule sajini alipopata kazi ya kudumu alikuja Jumamosi ya mwisho na mrithi wake, wakahesabu kila blanketi mara mbili, likakosekana moja, wakalitafuta mpaka wakalikuta chini ya kiti cha dereva. Ndipo akaandika kwenye daftari idadi, tarehe na saa, akatia sahihi, akampa mwenzake kalamu naye atie yake, na ufunguo ukabadilisha mikono.